Dawa Chini ya Mpapai

Kwa Bi Saquina maji yalikuwa na heshima yake. Aliyateka mwenyewe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayachemsha, kisha akayaacha yapoe ndani ya mtungi uliokaa kivulini. Kata ya kuchotea ilikuwa ya kifuu cha nazi. Ole wako uiguse kwa mkono uliotoka kupaa samaki! Angekufukuza barazani pamoja na kiu yako.

Najua, kwa sababu nilishafukuzwa. Naitwa Joaquina. Mimi ni mtu wa bara, kutoka Mueda. Nililetwa kijiji hiki cha pwani, karibu na Mocímboa da Praia, kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nyumba yangu imepakana na ya Bi Saquina. Kisima ni chake, na sisi wa nyumba nne za jirani tulikuwa tunateka kwa ruhusa yake. Kisima chenyewe si kirefu. Ukishusha ndoo, kamba haikuchoshi.

Mume wake, mwalimu Chaquir, alikuwa akifundisha watoto Kurani. Alifariki miaka miwili kabla ya mambo haya. Bi Saquina alibaki na mwanawe Hamido, na mke wa Hamido aitwaye Zuleica. Basi, nyumba ya watu watatu.

Watatu, lakini kila mmoja alikuwa akimngoja wa nne. Mimba mbili za Zuleica ziliharibika. Ya tatu ilifika mwezi wa tano, ikaingia wa sita. Kila asubuhi Bi Saquina alimtazama mkwewe tumboni kabla hajamtazama usoni. Alimkataza kubeba ndoo. Alimkataza kushika mchi. Mtungi ukijaa, kata ya kwanza ilikuwa ya Zuleica.

"Mama, nitaota mizizi hapa mkekani," Zuleica alisema siku moja.

"Ota, mwanangu. Nitakumwagilia."

Wakacheka wote wawili. Nilikuwa pale, nikacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba maji yenyewe yangetutoa machozi.

Mwaka huo ulikuwa 2012. Gesi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari, na mazungumzo yote ya pwani yalikuwa gesi, gesi. Hamido alipata kazi ya udobi kwenye kampi ya watafiti, huko upande wa Palma. Alifua nguo za wageni kwa miezi minane. Kisha kampi ikahamishwa, na kazi ikaisha. Alirudi nyumbani na mashuka mawili, viatu vya mpira, na katoni moja ya vidonge.

"Vya nini hivi?" mama yake aliuliza.

"Vya kuzuia malaria, mama. Wageni walikuwa wanameza kimoja kila siku. Mtu wa stoo kasema lori limejaa. Kasema anayetaka achukue."

Bi Saquina aliichukua katoni kwa mikono miwili. Kwake yeye, dawa ni neema. Aliiweka juu ya kabati, karibu na vitabu vya marehemu.

Wakati ule Bi Saquina alikuwa mwanafunzi wangu. Alianza na herufi, akaja kwenye namba, akafika kwenye tarehe. Nilikuwa nimewafundisha kutafuta neno *validade*, yaani mwisho wa matumizi, kwenye kila kopo na kila pakiti. Siku moja alikuja darasani na kipande kimoja cha bati laini chenye vidonge vile.

"Mwalimu, hapa pameandikwa mwezi wa pili. Sasa tuko mwezi wa nne. Dawa hii prazo imepita, au nimesoma vibaya?"

Hakusoma vibaya. Nilifurahi sana. Niliwaambia wenzake wampigie makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sitalificha. Nilimfundisha kusoma tarehe. Sikumfundisha la kufanya baada ya kuisoma.

Bi Saquina alirudi nyumbani na swali lake. Dawa imepita muda, hailiwi tena. Sasa aiweke wapi? Jalalani? Hapana! Jalalani kuna mbuzi, kuna maganda ya muhogo, kuna kila uchafu. Dawa haitupwi pale.

Akamkumbuka marehemu. Mtu akiugua, mwalimu Chaquir alikuwa akiandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Kisha aliyaosha maandishi kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji yale. Watu wa pwani wanaliita kombe. Na maji ya kombe yakibaki hayamwagwi ovyo. Yanamwagwa mahali safi, mahali pasipokanyagwa na miguu. Hapa nyumbani palikuwa chini ya mpapai, hatua tatu kutoka kisimani. Marehemu alipazungushia mawe ya matumbawe ili mtu asipite.

Basi Ijumaa, baada ya swala, Bi Saquina alikaa na beseni. Alivitoa vidonge kimoja kimoja, akavikoroga kwenye maji mpaka vikayeyuka. Maji yakawa ya manjano, karibu na rangi ya zafarani. Akasema bismillahi, akamwaga chini ya mpapai. Akarudia Ijumaa ya pili. Akarudia ya tatu. Vilikuwa vingi, mamia kwa mamia, na yeye hakuwa na haraka. Maganda ya bati laini yaliyobaki aliyatunga kwenye uzi, akayatundika juu ya mpunga wake nyuma ya nyumba. Yaling'aa juani na kufukuza ndege. Bi Saquina hakuwa mtu wa kupoteza kitu.

Baada ya Ijumaa ya tatu, Zuleica alishusha kata akakunja uso.

"Mama, maji haya machungu."

"Mdomo wa mimba huo," Bi Saquina alimjibu. "Mimi nilipokuwa na mimba ya Hamido, hata asali niliiona chungu."

Mimi pia niliusikia uchungu ule kwenye chai. Nikasingizia sufuria. Mtu akizoea kitu kuwa safi, hukitafutia kila udhuru.

Kila mwezi enfermeira Deolinda alikuja kijijini kwa pikipiki. Yeye ni nesi wa kina mama na watoto, mwanamke mnene, mcheshi, asiyependa kuzungushwa. Siku ile alimpima Zuleica mkekani. Akasikiliza tumbo, akatabasamu.

"Huyu anacheza ngoma," alisema. "Mapigo mazuri kabisa. Mama Saquina, nipe maji, jua limenimaliza."

Bi Saquina alimpa kata iliyojaa. Deolinda akanywa funda moja. La pili hakulimeza. Alilitema pembeni, taratibu, kwa adabu, akamrudishia Bi Saquina kata. Kisha akainua macho, akaona kitu kinang'aa nyuma ya nyumba.

"Kile ni nini kule kwenye mpunga?"

"Maganda ya vidonge," Bi Saquina alisema kwa fahari. "Ndege hawasogei."

Deolinda aliinuka. Akaenda, akashika ganda moja, akasoma. Aliporudi, ule ucheshi haukuwepo usoni mwake.

"Vidonge vyenyewe viko wapi?"

Hamido alikuwa barazani akiziba pancha ya baiskeli. Akasimama haraka. "Enfermeira, ni mimi niliyevileta. Kosa ni langu."

"Sijauliza nani alivileta. Nauliza viko wapi."

Niliyaona macho ya Bi Saquina yakienda kwenye mpapai, kisha kisimani, kisha kwenye tumbo la Zuleica. Aliyafuata maji kwa macho mpaka mwisho wa safari yake. Kata ilimtoka mkononi.

"Nimevimwaga mimi," alisema. "Pale. Ijumaa tatu."

Zuleica aliweka mikono miwili tumboni. Alisema neno moja tu: "Mama?"

Deolinda alikaa tena chini, karibu nao. Hakupandisha sauti, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Então, sikilizeni. Dawa ikiyeyuka haifi. Chumvi ukiitia kwenye mchuzi huioni tena, lakini imo. Hapa chini ni mchanga na mawe yenye matundu. Kinachomwagwa pale kinashuka, na hatua tatu si mbali. Kimeingia kisimani."

"Lakini maji nayachemsha!" Bi Saquina alisema. "Kila siku nayachemsha, mwalimu ni shahidi."

"Najua, mama. Unafanya vizuri. Kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, dawa inabaki."

"Na mtoto?" Zuleica aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Deolinda alimshika mkono. "Dawa hii hatumpi mwanamke mwenye mimba ya umri wa hii yako. Inaweza kuingia kwenye mifupa na meno ya mtoto. Meno huanza kutengenezwa tumboni, ingawa tunayaona baadaye sana. Wakati mwingine yanatoka na rangi ya manjano au kahawia. Lakini umekunywa kiasi gani? Sijui. Nikikwambia mtoto ataumia, nitakudanganya. Nikikwambia hataumia, nitakudanganya pia. Nitakupima kila wiki badala ya kila mwezi. Na kuanzia saa hii, hakuna anayekunywa maji haya. Hakuna."

"Sisi watu wazima je?" niliuliza. Nilikuwa nimekumbuka chai yangu.

"Kuna jambo jingine, mwalimu. Dawa hii inaua vijidudu vya magonjwa mengi. Ikiwa kidogo kidogo ndani ya maji, vijidudu haivimalizi, inavizoesha tu. Mbwa ukimchapa kila siku kwa kijiti chembamba, anazoea. Siku ukija na fimbo, hakimbii. Siku ya siku mtu anaugua kweli, tunampa dawa, na dawa haifanyi kazi."

Hamido aliuliza kama ingekuwa bora kuitupa chooni.

"Choo kinashuka kwenye maji hayo hayo."

"Baharini basi. Bahari ni kubwa."

"Hamido, kijito chetu kinakwenda wapi? Kwenye mikoko. Kina mama wanachimba chaza wapi? Kwenye mikoko. Bahari ndiyo sahani yetu. Utamwaga kitu kwenye sahani yako?"

Bi Saquina alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Alikuwa analia bila sauti, mabega yakitikisika. Alikuwa amempa mkwewe kata ya kwanza kila siku. Kwa mapenzi yake yote, alikuwa akimpa dawa ile.

Siku ya tatu Deolinda alimleta Inácio, fundi wa maji wa wilaya. Inácio alikizunguka kisima, akanusa ndoo, akakuna kichwa.

"Sina chombo cha kupima dawa ndani ya maji," alisema. "Kwa hiyo tutafanya kama watu wenye hofu. Hofu hapa ni nzuri."

Tulikausha kisima mara tano ndani ya siku nne. Maji hatukuyamwaga kijitoni. Hamido na vijana waliyabeba mpaka kwenye mchanga mkavu wa juu, mbali na visima vyote, yakakaushwa na jua. Udongo wa chini ya mpapai ulichimbwa kwa kina cha mtu kusimama. Ulitiwa kwenye magunia, ukapelekwa kwenye shimo la saruji la taka za kituo cha afya. Mpapai nao ulikatwa. Marehemu ndiye aliyeupanda. Bi Saquina aliomba abaki na yale mawe tu, na hakuna aliyemkatalia.

Kisima kilifunikwa kwa mbao. Inácio alisema kisinywewe maji yake mpaka mvua kubwa ipite na kukisafisha, kisha kikaushwe tena. Maji ya kunywa sasa yalitoka kwenye bomba la mkono la shuleni. Kwenda ni nusu saa, kurudi na ndoo kichwani ni zaidi.

Bi Saquina alikwenda kila alfajiri. Hakukubali kusaidiwa. Alirudi na ndoo, akachuja, akachemsha, akajaza mtungi, akaweka kata juu yake. Kisha akangoja.

Zuleica hakunywa. Hamido alikuwa akileta jerikeni kwa baiskeli, kutoka bomba lile lile. Zuleica alichota humo mwenyewe, kwa kikombe chake, akakiosha mwenyewe, akakificha ndani. Hakusema neno baya hata moja. "Nimekusamehe, mama," alisema siku ya pili tu. Kinywa kilisamehe. Mkono ulikataa.

"Unaumia?" nilimuuliza Bi Saquina.

"Naumia. Lakini ningekuwa yeye, na mimi nisingekunywa."

Nusu ya vidonge ilikuwa bado imo ndani ya katoni. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alijitwika kichwani akaipeleka kituo cha afya kwa miguu. Alitaka kujua watavifanya nini.

"Vinaorodheshwa, vinapelekwa wilayani," Deolinda alimwambia. "Huko vinachomwa kwenye tanuru la moto mkali sana, pamoja na dawa nyingine zilizoharibika."

"Vinachomwa? Dawa?"

"Ndiyo, mama. Na wanaojua kazi hiyo."

Bi Saquina alifikiri. Kisha akasema polepole, "Marehemu alikuwa akisema hivyo kuhusu karatasi za msahafu zilizochakaa. Usizitupe, na usijifanyie unavyojua. Mpelekee anayejua."

Tangu siku ile, Ijumaa yake ikawa na kazi mpya. Alishika kikapu chenye kifuniko, akabisha hodi nyumba hadi nyumba. "Mna dawa iliyobaki? Mna iliyopita prazo?" Watu walimcheka kwanza. Kisha wakaanza kutafuta. Mungu wangu, vilivyotoka! Nusu vidonge ndani ya makopo ya chai. Chupa za dawa ya kikohozi zilizoganda sukari. Mzee Dauto alitoa dawa ya mbuzi aliyeliwa kwenye sikukuu ya mwaka juzi. Bi Saquina aliisoma tarehe kwa sauti mbele ya watu, na mzee akaomba asirudie.

Na mimi nikarekebisha darasa langu. Tukishasoma tarehe, hatufungi daftari. Nawauliza wanafunzi: sasa unakwenda nayo wapi? Nao wanajibu wote: si jalalani, si chooni, si kisimani, si baharini. Inarudi kituo cha afya. Anayejibu kwa sauti kubwa kuliko wote mnaweza kumbashiri.

Mwezi wa saba wa mwaka ule Zuleica alijifungua hospitali, Mocímboa da Praia. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Alilia mpaka wakunga wakacheka. Akaitwa Chamima. Mikono mizima, miguu mizima, macho meusi ya kumkagua mtu. Nyumba ikajaa watu na vigelegele.

Bi Saquina alimpakata mjukuu wake akashukuru. Lakini nilimwona akimfungua midomo kwa kidole, akitazama ufizi. Haukuwa na kitu bado. Meno yalikuwa yamelala ndani na siri yake. Alisubiri mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alimwosha, alimkanda, alimwimbia, na kila siku alitazama ufizi. Zuleica naye alitazama. Walitazama kila mmoja kwa wakati wake, na hawakuambiana.

Maji Chamima hakupewa. Deolinda alikataza: maziwa ya mama peke yake, mpaka miezi sita itimie. Hiyo pia niandike, maana wengi wetu tunawapa watoto maji mapema.

Miezi sita ilitimia mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Siku ya pili yake, asubuhi, nilikwenda kuazima kinu. Bi Saquina alikuwa mkekani na mtoto mapajani. Chamima alikuwa akitafuna kidole cha bibi yake, mate yakimtiririka. Ghafla Bi Saquina akashtuka.

"Limeniuma," alisema.

"Nini?"

"Jino. Nimelisikia. Chini hapa."

Hakuangalia. Alitoa kidole, akageuza uso akatazama ukuta. "Zuleica! Zuleica, mwanangu, njoo. Angalia wewe. Mimi siwezi."

Zuleica alitoka jikoni akifuta mikono. Alipiga magoti. Aliushusha mdomo wa mtoto kwa kidole gumba, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa pua ya Chamima. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi kinu nilichokuja kuazima nilikuwa nimekisahau.

"Jeupe," alisema.

"Sema kweli."

"Jeupe, mama. Geuka uone."

Bi Saquina aligeuka. Palikuwa na ncha ndogo tu, lakini ilikuwa nyeupe, haina doa. Alilia kwa sauti safari hii, na Chamima akamshangaa kwa macho yake meusi.

Zuleica aliinuka. Nilidhani anarudi jikoni. Alikwenda kwenye mtungi, ule uliojazwa kila alfajiri kwa miezi tisa. Akashika kata ya kifuu, akachota, akanywa mwenyewe mpaka mwisho. Akachota tena, akamimina kidogo kwenye kikombe cha mtoto. Akamletea mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Miezi sita imetimia," alisema. "Maji yake ya kwanza mpe wewe."

Bi Saquina alisema bismillahi, akakisogeza kikombe mdomoni mwa Chamima. Mtoto alionja, akakunja uso, akafikiri. Kisha akakishika kikombe kwa mikono yake yote miwili na kukivuta kwake.